Kifungo cha Uzi wa Kijani

Wifi yangu ana wivu. Nalisema mapema ili msije mkaniambia nimemsengenya. Yeye mwenyewe ukimuuliza atakwambia, tena kwa sauti, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika pasi. Anaionea wivu simu ya mume wake. Anaionea wivu redio, mume akiisikiliza kwa makini sana. Na mwaka ule mume wake aliponunua viatu vipya, akawa anavifuta vumbi kila asubuhi, wifi alivionea wivu viatu. "Mimi lini alinifuta vumbi?" akaniuliza. Mume wake huyo ni kaka yangu, tumbo moja, kwa hiyo haya nayajua kwa pande zote mbili.

Kazi ya wifi ni udobi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho duka: meza ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka juu yake, pasi mbili, kamba za nguo zinazopita juu ya kichwa, na harufu ya wanga na kitambaa cha moto. Mimi namsaidia kufua. Kupiga pasi na kukunja hamwachii mtu. Shati likitoka mkononi mwake unaona vibaya hata kulivaa. Na jicho analo! Mteja akileta suruali, kabla hajamaliza kusalimia, wifi keshaona zipu mbovu, doa la wino na mshono uliochoka, na anamwambia palepale mbele za watu.

Kaka yangu naye kazi yake ni kukunja. Anakunja parachuti za jeshi. Cheka tu, sisi tulicheka zamani tukachoka. Mke anakunja kutwa, mume anakunja kutwa, na ukiingia chumbani kwao utadhani wezi wametoka sasa hivi. Kaka akifika nyumbani, soksi huku, mkanda kule, shati juu ya kiti, halafu anakaa kimya kama mgeni. Ukimuuliza habari za kazini anajibu, "Siri ya jeshi." Mchana umekula nini? Siri ya jeshi. Mvua ilinyesha huko kwenu? Siri ya jeshi.

Lakini kazi yenyewe tunaijua, maana ovaroli za karakana yao tunazifua sisi, na walinzi wa getini wametuzoea. Parachuti inatandazwa juu ya meza ndefu kupita chumba chote, wanasimama wawili, mmoja upande huu na mwenzake upande ule. Mmoja anakunja. Mwenzake hashiki kitu, anaangalia tu, na humo ndani wanamwita shahidi. Mkunjaji akimaliza hatua anaita, "Pindo!" Shahidi akiridhika anajibu, "Nimeona." Mkunjaji anaita, "Kamba!" Shahidi anajibu, "Nimeona." Wanakwenda hivyo mpaka mwisho, bila hadithi, bila simu. Mlangoni kinaning'inizwa kitambaa chekundu, na kikiwepo haingii mtu, hata awe jenerali. Wakikatizwa katikati, hata kwa chafya kubwa, sheria yao ni kutandua yote na kuanza upya. Na ili mtu asije akafanya kazi ya kulipua, kila mkunjaji amefunzwa kuruka, na siku yoyote mkuu wa karakana anaweza kuichomoa parachuti rafuni akamwambia, "Hii uliyoikunja, utaruka nayo mwenyewe."

Sasa shahidi wa kaka yangu alikuwa mwanamke.

Hapo ndipo roho ya wifi ilipokuwa inachomeka. "Mimi hapa namuuliza chumvi imetosha, anatikisa kichwa," alikuwa akiniambia huku pasi ikipiga meza. "Kule wanaitana na kuitikiana kutwa nzima! Pindo, nimeona. Kamba, nimeona. Mimi nimwite, nani ananiitikia?" Mara ya kwanza tulipomwona yule mwanamke, tulikuwa tumepeleka ovaroli, wifi alikuwa amejipaka wanja na kuvaa gauni la sikukuu ili akamtishe mrembo. Akatoka mama mtu mzima kutuzidi sisi, miwani imefungwa kamba shingoni, viatu vya mpira, sura ya kawaida kabisa. Wifi hakumpa hata shikamoo. Tuliporudi dukani akaketi juu ya rundo la nguo chafu. "Angekuwa mrembo ningeelewa," akasema.

Nami nilimcheka, sikufichi, maana na mimi nina langu. Kabla huyu wifi hajaja na pasi zake, aliyekuwa anamshonea kaka vifungo ni mimi.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye kifungo. Wakati huo serikali ilikuwa inataka kununua parachuti mpya kutoka nje. Redio ilikuwa haiishi kusema usalama wa taifa, vifaa vya kisasa, bajeti ya ulinzi. Hizo mpya zinakuja zimefungwa kiwandani, zimebanwa na mashine, unaziweka ghalani miaka na miaka huzigusi. Maana yake wakunjaji wa nini tena? Kampuni iliyokuwa inaziuza ilimleta wakala wake, kijana wa suti nyembamba na viatu vya kumetameta, akawa anaingia karakana na ruhusa mkononi, anapima muda wa kukunja kwa mkono ili akawaonyeshe wanakamati wa manunuzi jinsi jeshi linavyopoteza saa. Kaka alizidi kuwa bubu.

Asubuhi moja wifi alikuwa anapiga pasi shati la kaka. Akafika kwenye mkono wa kulia, pasi ikasimama. Nilisikia harufu ya kuungua kabla sijageuka. Alikuwa amekishika kifungo cha mwishoni mwa mkono, pale panapofungwa, anakigeuza huku na huku. Vifungo vingine vyote vilikuwa na uzi mweupe. Hicho kimoja kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mnene wa kijani, umepakwa nta, umezungushwa mara nyingi na kufungwa fundo dogo, safi, la mtu anayejua.

"Huu uzi si wangu," akasema. "Wako?"

"Wangu wapi! Uzi wa nta hivi nautoa wapi? Huo wa parachuti."

Ningeuma ulimi. Wifi aliizima pasi, akalibeba shati vilevile kama mtu aliyemkamata mwizi, akatoka. Mimi nikabeba bunda la ovaroli nikamkimbilia nyuma, walau tuwe na sababu ya kupita getini. Mlinzi akatuona ni sisi, akatufungulia. Kwenye mlango wa karakana kitambaa chekundu kilikuwa kinaning'inia. Wifi alikipangua kama pazia la jikoni kwake.

Ndani palikuwa kimya kiasi cha kusikia feni. Parachuti ilikuwa imelala meza nzima, rangi ya maziwa, imeshakunjwa nusu, na vifuko vya mchanga vimewekwa juu yake kushikilia mikunjo isihame. Kaka alikuwa ameinama, mikono yote miwili imo ndani ya kitambaa. Shahidi alikuwa upande wa pili, mikono nyuma. Wakala alikuwa pembeni na simu yake, anahesabu muda.

"Huu uzi wa nani?" wifi akapaza sauti, shati juu. "Nauliza! Nani anamshonea mume wangu vifungo?"

Kaka hakuinua kichwa. Masikio tu ndiyo yaliyomgeuka rangi. Mkuu wa karakana akatoka ofisini mbio. "Mama, kitambaa chekundu hukukiona?"

"Nilichokiona ni hiki!"

Tulitolewa. Si kwa kupigwa, lakini tulitolewa, mimi na bunda langu sina kosa. Nilikuwa wa mwisho kutoka, na kabla mlango haujafungwa nilimsikia kaka akisema kwa sauti ya chini, ya hasira, "Tuendelee." Wifi naye alisikia. Najua alisikia, kwa sababu njiani hakupiga kelele hata kidogo.

Jioni kaka alirudi, akanawa, akaketi. Alikula chakula chote bila kutuangalia. Halafu akasema kwamba kamati ya manunuzi inakuja wiki hiyo kiwanjani, itarushwa parachuti mpya moja na ya kukunjwa kwa mkono moja, wazione wenyewe. "Ya mkono naruka nayo mimi," akasema.

"Ipi?" nikauliza.

"Ileile ya leo. Wakala ameomba iwe ileile aliyoipimia muda, tusije tukachagua iliyo nzuri. Imeshafungwa, imewekewa alama, hakuna wa kuigusa."

Wifi alikuwa amesimama na sufuria mkononi. "Nilipoingia niliwakatiza," akasema. "Mliitandua? Mlianza upya?"

Kaka alimtazama, na nikwambie, nilitamani nisiwepo. "Si umekuja kumtafuta shahidi wangu mbele za watu?" akasema. "Umeshamjua alipo. Kamuulize yeye." Akaingia chumbani. Hata siri ya jeshi hakuisema.

Siku zilizofuata wifi aliunguza nguo za watu. Yeye! Suruali ya mwalimu aliitia alama ya pasi matakoni, akailipa bila kubishana. Alikuwa anasimama na shati la mteja anaangalia ukuta, midomo inamcheza. Kama hawakuitandua, basi mikunjo ilihama pale alipopiga kelele, na mume wake anapanda ndege nayo mgongoni. Na aliyeingia na kukatiza ni yeye, kwa miguu yake. Alimuuliza kaka tena na tena, kaka anageukia ukutani.

"Nenda kamuulize yule mama," nikamwambia.

"Nikampigie magoti yule? Akae anitazame kwa miwani yake, anijibu kuhusu mume wangu? Bora nife!"

"Atakayekufa si wewe."

Alinirushia shuka bichi usoni. Lakini hakwenda. Mara mbili alijifunga kanga, akafika mpaka kona, akarudi.

Siku yenyewe tukaenda kiwanjani. Familia zilikuwa nyuma ya kamba, upande wa jua. Wanakamati walikuwa chini ya hema, kwenye viti vya plastiki, na wakala anawagawia maji baridi na vijitabu vya picha. Shahidi alikuwa amesimama peke yake karibu na mlingoti wa bendera ya upepo, katika ovaroli niliyoifua mimi na kunyooshwa na wifi. Mstari wa pasi ulikuwa umesimama mguuni mpaka chini. Wifi aliuona, akasonya.

Ndege ikapanda. Kwanza akaruka askari mmoja na parachuti mpya, ikafunguka vizuri, ya bluu, ikashuka taratibu. Kamati ikapiga makofi. Wakala akainama kidogo kama bwana harusi. Ndege ikazunguka tena kuja mara ya pili, na hapo wifi uso ukamsawajika. Alinishika mkono, akauachia, akapita chini ya ile kamba. Askari akamwita, "Mama! Mama, huko hapana!" Hakugeuka. Nikamfuata, ningefanyaje?

Alisimama mbele ya yule mwanamke akihema.

"Shikamoo, dada," akasema. Tangu tumjue yule mama, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwamkia.

"Marahaba." Hakuondoa macho juu.

"Siku ile nilipoingia. Mliitandua?"

"Mume wako hakukwambia?"

"Hakuniambia! Kasema nikuulize wewe."

Yule mama aliivaa miwani yake, akatafuta ndege angani. "Alisema tuendelee," akajibu. "Yule kijana alikuwa anahesabu muda, na mume wako hakutaka tuonekane wazembe mbele yake. Akapiga pindo, akaita. Mimi nikanyamaza. Akaita tena kwa nguvu. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza?" Wifi akamsogelea. "Halafu?"

"Halafu nini? Shahidi akinyamaza hakuna kazi, mwanangu. Tuliitandua yote, tukaanza mwanzo. Muda ukawa mara mbili, yule kijana akacheka akaandika. Na mume wako hajanisemesha tangu siku ile."

Mimi nilikuwa namwangalia wifi usoni. Nawaapia, katikati ya hofu yote ile, ndege juu ya vichwa vyetu, aliposikia kwamba kaka hajamsemesha yule mwanamke, macho yalimng'aa. Kidogo tu, kisha akajizuia. Lakini mdomo haukuzuilika.

"Na kifungo?" akauliza.

"Kifungo gani?"

"Cha mkono wa shati. Uzi wa kijani."

Hapo ndipo yule mama alipomwangalia, mara moja, kwa mshangao wa kweli. "Kile? Kilikuwa kinaning'inia wiki nzima. Kila asubuhi nakiona, nasema kwao kuna dobi, kesho kitakuja kimeshonwa. Kikidondokea kwenye mikunjo, mtu anaruka nacho. Basi nikamwambia nyoosha mkono, nikakishona."

Wifi huyu! Mwanamke anayeona zipu mbovu ya mteja akiwa bado barabarani! Wiki nzima lile shati liliingia na kutoka nyumbani kwake, lilipita juu ya meza yake, chini ya pasi yake. Nilitamani kucheka na nilitamani kulia, kwa sababu mimi ndiye niliyelifua, na mimi pia sikukiona.

"Anatoka," akasema shahidi.

Nukta nyeusi ilitoka kwenye ndege, ikaanguka. Ikaendelea kuanguka. Nilimsikia wifi akisema jina la Mungu, halafu kitu cheupe kikavutika juu ya ile nukta, kikachanua, na kaka yangu akaning'inia angani miguu ikicheza. Wifi alikuwa ameushika mkono wa shahidi kwa mikono yake yote miwili, ameung'ang'ania kwenye kifua chake, analia kwa sauti bila haya. Akaja kutambua ni mkono wa nani alioushika. Akauachia, akajifuta viganja kwenye kanga.

Kaka alishuka upande wa pili wa kiwanja. Alikuja anatembea na kile kitambaa amekikumbatia kwa mikono miwili, vumbi mpaka nyusi, anatabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule. Alitufikia. Alituangalia sote watatu, lakini maneno aliyaelekeza kwa mmoja.

"Imekwenda sawa," akasema.

"Nimeona," akajibu shahidi.

Basi. Halafu akamgeukia mke wake, akavua kofia ngumu, akampa. "Nishikie," akasema.

Wifi aliishika. Aliibeba mpaka nyumbani, kamba za kidevuni zikining'inia. Tulikuwa tumeshafika karibu na mlango wa duka aliponiambia, bila kunitazama, "Ningemshukuru yule mama. Wallahi ningemshukuru, kama angekuwa mtu mwingine."

Kamati ilinunua zile mpya. Zote mbili zilifunguka, wakasema, ila mpya hazihitaji watu. Redioni tukasikia hotuba ya vifaa vya kisasa na usalama. Meza za karakana ziliondolewa ikabaki moja, ya parachuti za mafunzo, na kaka ndiye aliyebakizwa, na shahidi mpya, mwanamume wa ndevu anayenuka tumbaku. Yule mama alihamishiwa kambi nyingine, mbali, kuhesabu mabuti ghalani. Siku ya habari hiyo wifi alipiga kigelegele jikoni, kimoja, kifupi. Akakisikia mwenyewe, akageukia nyanya zake akaendelea kukata.

Nilidhani ameshinda, na yeye alidhani hivyo. Lakini kaka sasa akikaa jioni, unamwona vidole vinacheza pembeni ya kitambaa cha meza, anapiga pindo, anasita kidogo kama mtu anayengoja kuitikiwa, halafu anaendelea. Wifi anayaona yale. Anajua anayengojwa si yeye. Mara moja alijaribu, akasema "Nimeona," kwa sauti ndogo ya aibu. Kaka alishtuka akaweka mikono mapajani, akauliza kama chai iko tayari.

Siku hizi kaka haendi kazini bila kukaguliwa. Kila asubuhi wifi anamsimamisha mlangoni, katikati ya nguo za watu, anaanzia kwenye kola na kushuka, kifungo kwa kifungo, anavuta kila kimoja kuona kama kimeshika. Mimi naosha beseni, nawaangalia. "Nyoosha mkono," anamwambia, na kaka ananyoosha. Vingine vyote vya shati lile vimeshalegea na kushonwa upya, kwa uzi mweupe, kwa mkono wake. Akifika kwenye kile cha kijani anakivuta kwa nguvu kuliko vyote, ameuma meno, anatamani kikatike japo mara moja akishone yeye. Hakikatiki.